Mwalimu Aliyefyatua Matofali Chamwino



Wapendwa taifa la Mungu, tarehe 14 Oktoba inatukaribia tena, siku ambayo mwaka 1999 Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki dunia huko London akiwa na umri wa miaka 77. Dominika iliyopita, tulipokuwa mlangoni mwa kanisa tukiwaaga waamini, mzee mmoja wa parokia yetu alitushika mkono wala hakuuachia. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwenye kiti cha kitubio: "Baba, ile sala ya kuomba Mwalimu atangazwe Mwenye heri, mimi naisali pamoja na wenzangu. Lakini tembe ya baba yangu ilibomolewa wakati wa operesheni. Je, ninaposali hivyo simsaliti baba yangu?"

Tulimwambia tutamjibu. Kusema kweli, tulikuwa tunaomba muda tu. Juma zima swali lake limekaa nasi, hata tulipokuwa tukiandaa mahubiri ya mambo mengine kabisa. Tunalijibu hapa, kwa ruhusa yake, kwa kuwa tunajua hayuko peke yake. Wako wengi wenye swali hilo moyoni. Yeye amekuwa na ujasiri wa kulitamka.

Likiulizwa mijini, swali hilo hugeuka mara moja kuwa ubishi wa siasa. Hapa kwetu Chamwino ni jambo la nyumbani. Wasomaji wetu wa mbali wanalijua jina la Chamwino kwa sababu ya Ikulu, hasa tangu jengo jipya lilipozinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Lakini kabla ya Ikulu kilikuwepo kijiji, na katika kijiji hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Rais wa nchi alivua viatu, akaingia kwenye udongo pamoja na wananchi, akafyatua matofali. Na katika miaka hiyo hiyo, katika eneo hili hili la Ugogo, watu walihamishwa, wengine kwa hiari na wengine bila hiari. Mambo yote mawili ni kweli. Nani kati yetu angethubutu kumwambia mzee wetu achague moja?

Tuanze na ualimu, kwa maana Nyerere mwenyewe alipenda kuitwa kwa jina hilo kuliko vyeo vyake vyote. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Akaendelea Tabora, akabatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akasomea ualimu Makerere. Aliporudi mwaka 1945 alikuwa na nafasi mbili za kazi mjini Tabora: moja katika shule ya serikali, nyingine katika shule ya misioni ya Mtakatifu Maria iliyoendeshwa na Mapadre Weupe. Ya misioni mshahara wake ulikuwa mdogo zaidi. Akaichagua hiyo.

Hapa tungependa msomaji asimame kidogo. Jioni, baada ya vipindi vya darasani, mwalimu huyo kijana aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mji wa Tabora bila kudai malipo. Hakuwa kiongozi wa nchi wakati huo. Hapakuwa na chama cha kumsifu wala gazeti la kumwandika. Picha za Chamwino tumeziona sote, Rais akiwa kwenye udongo. Picha ya madarasa yale ya jioni hatujawahi kuiona. Nasi tukiulizwa ni wapi tunaona kwa uwazi zaidi roho ya mtu huyu, tutajibu kwamba ni katika darasa lile lisilo na picha. Mtu akitenda wema akiwa na madaraka, daima kuna nafasi ya kujiuliza anatafuta nini. Mwalimu wa mshahara mdogo anayeongeza saa mbili za kazi ya bure gizani hatafuti mengi.

Mwaka 1953, baada ya masomo ya Edinburgh, akawa mwalimu wa Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, na mwaka uliofuata akatakiwa achague kati ya kufundisha na siasa. Akaacha kazi. Alikuwa na familia, hana mshahara, akarudi Butiama. Jambo ambalo waamini wengi hawalijui ni kwamba katika miezi ile alifanya kazi kwa Mapadre wa Maryknoll kule Musoma, akimfundisha padre mgeni lugha ya Kizanaki na kutafsiri katekisimu katika lugha hiyo. Sisi tulioletwa Ugogo tukiwa watu wazima, tukajifunza Kigogo huku watoto wa ekaristi wakitucheka, tunajua uvumilivu anaouhitaji mwalimu wa namna hiyo. Na uzeeni hakuacha: Injili zote nne na Matendo ya Mitume alizitungia tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Aliyekuwa na mamlaka juu ya nchi nzima kwa zaidi ya miaka ishirini alimaliza siku zake akihesabu mizani ili mkulima wa kawaida aweze kuiimba Habari Njema.

Basi tuje Chamwino.

Ugogo ni nchi ya mvua chache, na njaa zetu zina majina kama watoto wetu. Wazee walirithishwa habari za Mtunya, njaa ya miaka ya mwisho ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyovunja koo na kutawanya watu. Wagogo walijifunza kuishi kwa kutawanyika: tembe hapa, tembe kule, nafasi ya kutosha kwa ng'ombe, uwele na mtama mahali palipopata manyunyu. Serikali ilipouangalia mtawanyiko ule iliona kizuizi, kwa maana utampelekaje mwalimu, mganga na bomba la maji kwa watu waliotapakaa hivyo? Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Watu wakaitwa wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, na Chamwino kikawa kijiji cha mfano. Mwalimu akaja mwenyewe. Hakuja kwa ziara ya saa mbili na hotuba. Aliweka makazi yake hapa kwa muda, akafanya kazi ya mikono pamoja na watu.

Tumewahi kusikia watu wakisema kwamba ule ulikuwa mchezo wa kuigiza. Hatuamini hivyo. Mtu aliyefundisha Tabora bila malipo alikuwa na tabia hiyo kabla hajawa na sababu yoyote ya kuigiza. Tunaamini alipofyatua matofali alikuwa anafanya kazi ile ile ya ualimu, kwani mwalimu wa kijijini hufundisha kwa kutangulia: yeye ndiye wa kwanza kushika jembe la shamba la shule, wa kwanza kubeba maji ya ujenzi wa choo, ndipo watoto wafuate.

Lakini mwalimu mzuri anaweza kupoteza subira na darasa lake. Mwaka 1967, katika maandiko yake juu ya ujamaa vijijini, Nyerere alieleza wazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji hivyo. Lazima wakubali wenyewe. Mwaka 1968 akafundisha kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza mwenyewe. Mafundisho hayo ni mazuri, na kwa maoni yetu yanapatana kabisa na mafundisho ya Kanisa juu ya hadhi ya binadamu. Kisha Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kabla ya mwaka 1976 kwisha, wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Mamilioni ya Watanzania wakahamishwa katika muda wa miaka mitatu tu. Palipokuwa na viongozi wenye busara, watu walisaidiwa kubeba mizigo yao. Palipokuwa na viongozi wenye haraka, watu walipakiwa kwenye malori, na nyumba walizoziacha zikabomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Hapa Dodoma mambo ya namna hiyo yalianza kuonekana hata kabla ya amri ile, wakati wa operesheni ya kwanza.

Tembe haihamishiki, wapendwa. Mjini mtu hubeba bati zake. Tembe ni udongo, miti na paa la udongo. Ukiibomoa, umebomoa kazi ya babu, zizi, ghala, na mara nyingine umewaacha wafu waliozikwa karibu na nyumba. Baba wa mzee wetu hakuhuzunikia kuta. Alihuzunika kwa sababu hakuulizwa.

Je, Mwalimu alijua? Mengi alijua, mengine alifichwa na wale waliotaka kumpelekea takwimu nzuri. Hata hivyo amri ilikuwa yake, na hatumtendei heri yeyote tukimwosha mikono. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kunawa mikono. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini ndefu akieleza wapi nchi ilishindwa. Na mwaka 1984, akiwa bado madarakani, alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika vya wakulima lilikuwa kosa. Ni viongozi wachache tunaowafahamu waliosahihisha daftari lao wenyewe kwa wino mwekundu, darasa zima likiwatazama.

Wakatoliki tuna kidonda chetu pia, ingawa hatukitaji sana. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule za misioni, hata Pugu alikofundisha. Mapadre na masista waliokuwa wamejenga madarasa kwa jasho lao walikabidhi funguo. Wengine hawakumsamehe haraka. Yeye aliona kwamba mtoto wa Kiislamu na mtoto wa mpagani wana haki ya dawati lile lile. Katika hilo, tukiangalia tulikotoka, tunadhani alikuwa sahihi zaidi kuliko wengi wetu, na tunajua baadhi ya mapadre wenzetu watatuandikia kutupinga. Karibuni.

Turudi kwa mzee wetu, kwa sababu kuna sehemu ya habari yake hakuisema mlangoni. Tulimtembelea Jumatano. Katika kijiji walichohamishiwa, alituambia, ndipo mama yake alipojifunza kusoma.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 ilisemekana kwamba waliobaki hawajui walikuwa mmoja kati ya kumi. Ni nani aliyefanya kazi hiyo? Serikali haikuwa na fedha za kuajiri walimu wa hesabu hiyo. Kazi ilifanywa na mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi darasani saa kumi jioni, na kijana aliyemaliza darasa la saba, na katekista wa kigango, na karani wa ushirika, wengi wao kwa posho isiyotosha sabuni. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya maji. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, mwanakijiji kama wenzake, mwenye kitabu kimoja na redio ya mkulima. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka milioni moja na nusu hivi hadi zaidi ya milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wakatolewa wapi? Wakachukuliwa vijana wa darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha.

Watu wenye elimu kubwa hupenda kuwacheka walimu wale wa UPE. Wanasema walishusha kiwango. Huenda walishusha, hatuna ugomvi na hesabu za wataalamu. Lakini sisi tunaoandika maneno haya tulijifunza irabu kwa mwalimu wa namna hiyo, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akiandika ubaoni huku akificha kiraka cha suruali yake. Kama asingalikuwepo, mahali pake asingalikaa mwalimu bora zaidi. Pasingalikaa mtu.

Mama wa mzee wetu alifundishwa na mwanamke jirani chini ya mbuyu. Alipojua kusoma aliweza kusoma mwenyewe barua za mwanawe aliyekuwa jeshini, asimpe tena katekista azisome kwa sauti mbele ya watu. "Ile siku," mzee alisema, "mama alikuwa na siri yake mwenyewe kwa mara ya kwanza." Tulikaa kimya kidogo. Kisha akaongeza: "Na baba hakuwahi kukaa vizuri katika nyumba ile mpya mpaka alipokufa."

Haya ndiyo maisha ya mzee wetu: mama aliyefunguliwa na baba aliyevunjwa, ndani ya nyumba moja, katika miaka ile ile, na kiongozi mmoja nyuma ya yote mawili. Tungekuwa waongo kama tungemwambia kwamba la kwanza linalipia la pili. Hayalipiani. Baba yake angeweza kuulizwa, na mama yake angeweza kufundishwa bila mtu yeyote kubomolewa tembe.

Sasa, jibu letu. Tangu mwaka 2005 Nyerere anaitwa Mtumishi wa Mungu, baada ya Jimbo la Musoma kupata kibali cha kufungua mchakato. Hiyo ni hatua ya mwanzo. Katika hatua hiyo hatumwombi kama tunavyowaomba Watakatifu katika liturujia. Tunamwomba Mungu, kama ni mapenzi yake, aonyeshe utakatifu wa mtumishi wake. Na Kanisa, kwa hekima yake ya miaka mingi, halikusanyi sifa peke yake. Sheria za mchakato zinataka ushuhuda wa pande zote, unaomkubali na unaompinga, na kuna ofisa ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna kilichofichwa. Anayeleta neno gumu la kweli anaisaidia kesi sawasawa na anayeleta neno la sifa. Anayeidhuru ni yule anayeficha.

Tukumbuke pia kwamba Kanisa halijawahi kumtangaza mtu asiyewahi kukosea. Wainjili wote wanne walimwandika Petro akimkana Bwana, wala hakuna aliyeomba ukurasa ule ung'olewe alipowekwa kuwa mwamba. Agostino, akiwa askofu mzee, aliandika kitabu kizima cha kupitia vitabu vyake na kuonyesha alipopotoka. Kinachopimwa ni kama mtu aliishi imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu na kiasi kwa namna ya kishujaa. Juu ya kiasi chake, aliyeng'atuka mwaka 1985 akarudi kulima Butiama, tungeweza kutoa ushahidi hata sisi. Juu ya busara na haki katika operesheni, wakaulizwe watu wa Chamwino. Huenda jibu lao litachelewesha mambo. Acheni lichelewe.

Kwa hiyo, mzee wetu mpendwa, humsaliti baba yako unaposali. Ungemsaliti kama ungesali huku ukimfanya kana kwamba hakuwahi kuwa na nyumba. Sali sala ile kama ilivyo, kisha mtaje baba yako kwa jina lake, na tembe yake, mbele ya Mungu yule yule. Sisi tutamtaja katika Misa ya asubuhi ya tarehe 14, pamoja na Mwalimu, na hatutaweka mmoja juu na mwingine chini.

Na kuna jambo moja la utendaji. Waliohamishwa wakiwa watu wazima wanazidi kupungua. Mwaka huu pekee parokia imewazika kadhaa. Tunawaomba wote wanaokumbuka operesheni, waliofurahi na walioumia, pamoja na wote waliofundisha kisomo au kuongoza vikundi vya redio, wabaki baada ya Misa ya kwanza Dominika ijayo, katika ukumbi wa parokia. Jumuiya ndogo ndogo ziwasaidie wasioweza kutembea. Kutakuwa na uji. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha kisomo hapa akiwa na miaka ishirini, ameahidi kuleta madaftari, na ndiye atakayeandika kila mtu atakavyosema, kwa kuwa mwandiko wetu sisi, amesema, hata Mungu anausoma kwa shida.